Aliyechonga ni Nani?

Somo la redio kwa watu wazima: historia ya mafundi wa mpingo na mafundi wa rangi



Somo hili lilisikika kwanza redioni. Limepigwa chapa hapa ili wewe uliyelisikia ulisome tena polepole, na wewe uliyelikosa usipitwe. Kama mnasoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni yako maswali ya kuzungumza pamoja.

Habari zetu leo ni za mafundi wachongao vinyago na mafundi wachorao picha. Hebu ufanye jaribio dogo. Nenda mahali vinapouzwa vinyago vya mpingo, ushike kimoja, umwulize mwuzaji: "Hiki amechonga nani?" Mara nyingi atakujibu, "Hiki cha Kimakonde." Kisha ushike picha ya chui mwenye madoa mengi na macho ya mviringo, umwulize vivyo hivyo. Atakujibu, "Hiyo ni tingatinga."

Je, umejibiwa? Hukujibiwa. Uliuliza jina la mtu, nawe umepewa jina la kabila, na mara ya pili jina la namna ya picha. Tena mwuzaji huenda akaongeza kusema kwamba kazi hizi ni za tangu kale, za mababu. Basi somo letu ni hili: sehemu kubwa ya kazi hizi si za tangu kale. Zilianzishwa na watu wenye majina, katika miaka inayojulikana, kwa vifaa walivyovipata karibu nao. Tukiyaacha majina hayo yapotee, tunapoteza historia yetu wenyewe, na fundi anapoteza haki yake.

KABLA YA MPINGO

Tuanze kusini. Mto Ruvuma unagawa nchi mbili, Tanzania na Msumbiji. Kila upande wa mto kuna uwanda wa juu: upande wa Tanzania uwanda wa Newala, na upande wa Msumbiji uwanda wa Mueda. Hizo ndizo nchi za Wamakonde.

Wamakonde wana hadithi yao ya mwanzo wa watu. Wanasema hapo zamani palikuwa na mtu mmoja, peke yake porini. Akachukua mti, akachonga sanamu, akaisimamisha. Usiku ule sanamu ikawa mwanamke mzima, wakawa mume na mke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, akafa. Wakahama, akazaliwa wa pili, naye akafa. Wakapanda juu uwandani, na huko mtoto wa tatu akaishi. Ona, ndugu msomaji: kwa mujibu wa hadithi hii, mchongaji alikuwako kabla ya mkulima na kabla ya mwindaji. Sanamu ya mama mwenye mtoto mgongoni, ambayo wachongaji wengi wameirudia, ina mizizi hapo.

Lakini kazi kubwa ya mchongaji wa zamani haikuwa ya kuuza. Ilikuwa mapiko. Lipiko ni kinyago cha kuvaa, nacho hutumika katika ngoma wakati vijana wanapotoka jandoni na unyagoni. Mafundi walikichonga kwa siri, mbali na macho ya wanawake na ya watoto wasioingia jando, maana mchezaji alipotokea uwanjani alihesabiwa kuwa mzimu na si jirani yao. Kinyago cha kuvaa hakina budi kuwa chepesi, la sivyo mchezaji hataweza kuruka. Kwa hiyo mafundi walichagua mti laini na mwepesi. Jambo hili ulishike vizuri, tutalirudia: mapiko hayakuchongwa kwa mpingo.

Wala kuchora si jambo geni huko kusini. Mwaka wa 1906, wakati wa utawala wa Wajerumani, mtafiti mmoja aitwaye Karl Weule alizunguka nchi za Masasi na Newala. Aliwapa watu karatasi na kalamu wamchoree walichotaka, nao wakachora wanyama, ngoma na misafara. Alipochapisha kitabu chake aliiweka michoro hiyo ndani, na chini ya baadhi akaandika jina la mchoraji. Ndiyo sababu leo tunaweza kutaja jina kama Salim Matola, mtu aliyechora zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lau jina lile lisingaliandikwa, tungalisema tu: "Michoro ya watu wa kusini."

NJIA YA MKONGE

Sasa, ilikuwaje kazi ya jandoni ikafika dukani? Njia ilipita katika mashamba ya mkonge.

Msumbiji ilitawaliwa na Wareno, na utawala wao ulikuwa mzito kwa kodi na kazi za shuruti. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge yaliyohitaji watu. Wamakonde wengi wakavuka Ruvuma kutafuta ujira. Baadaye mambo yakazidi kuwa mabaya kwao. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ikaanza vita vya ukombozi, na wakimbizi wakavuka mto kwa wingi.

Mtu aliyevuka hakubeba mali. Alibeba ujuzi wa mikono yake. Mchana alikata mkonge, jioni alishika kisu na kipande cha mti. Wazungu na Wahindi wa mjini walipoona vinyago vyake walitaka kununua. Wanunuzi hawa hawakutaka kinyago cha kuchezea ngoma. Walitaka kitu cha kuweka mezani, kizito, kigumu, cheusi, chenye kung'aa. Hapo ndipo mpingo ukachukua mahali pa mti laini.

Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1950 alikuwako mfanyabiashara wa vinyago, Mohamed Peera, ambaye wachongaji wengi walimpelekea kazi zao. Aliwahimiza wasirudierudie sanamu zile zile, bali wachonge walichonacho moyoni. Usidhani kwamba mwenye duka ndiye aliyeibuni sanaa hii, ila mlango aliufungua yeye, na waliopita mlangoni ni mafundi.

MTI NA KAZI YAKE

Kabla ya kuwataja mafundi hao, tuutazame kwanza mti. Huwezi kumwelewa fundi kama huielewi mali anayofanyia kazi.

Mpingo haukui upesi. Huchukua miaka 70 au zaidi hata gogo lifae. Shina lake ni fupi, limepinda, na mara nyingi lina mashimo ndani. Chini ya gamba kuna mti mweupe wenye rangi ya manjano kidogo, na ndani yake kiini cheusi. Kiini hicho ni kizito hata ukikitia majini kinazama. Watengenezaji wa ala za muziki huko Ulaya wameupenda kwa kutengenezea zumari zao, kwa sababu hauingii maji upesi na sauti yake ni safi.

Fundi huanza kwa shoka na tezo, akiondoa gamba na mti mweupe, ingawa wengine huacha kipande cheupe kwa makusudi ili kiwe nguo au nywele za sanamu. Kisha hushika patasi na nyundo ya mti. Baada ya hapo kisu, halafu tupa, halafu msasa. Neno hilo msasa lina historia yake. Ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia kazi tangu kabla ya karatasi ya msasa ya dukani. Mwisho hupaka nta na kusugua kwa kitambaa mpaka mti ung'ae wenyewe.

Katika kazi yote fundi hukaa kivulini, kwa maana mpingo ukikaushwa na jua kwa haraka hupasuka. Wapo wanaoufunika kwa kitambaa kilicholowa maji wanapokwenda kula.

Ukimwuliza mchongaji mzoefu anapata wapi mawazo yake, hatakuonyesha mchoro kwenye karatasi. Atakuonyesha gogo. Penye shimo huona tumbo au mdomo, penye tawi lililopinda huona mkono. Fundi wa mti laini humlazimisha mti afuate mawazo yake. Fundi wa mpingo hulazimika kupatana na mti kwanza. Hiyo ni sababu moja iliyofanya sanaa ya mpingo iende njia yake mpya.

MAJINA MAWILI YA KUKUMBUKA

Sasa tutaje watu. Umeona vinyago vile vya watu wengi walioshikana na kupandana kama nguzo, mmoja juu ya mwingine? Leo huitwa ujamaa. Watafiti humtaja Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, kuwa ndiye aliyeanzisha namna hii, katika miaka ya 1950 kuelekea ya 1960. Inasimuliwa kwamba vinyago vyake vya kwanza vya namna hiyo vilionyesha bingwa wa mieleka akibebwa mabegani na wenziwe, na jina lake la kwanza katika Kimakonde lilikuwa dimoongo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na neno ujamaa likawa midomoni mwa watu wote. Jina jipya likakikaa kinyago hicho kama kofia iliyopimwa. Kwa hiyo anayesema kwamba kinyago cha ujamaa kilitokana na siasa ya Ujamaa amegeuza mambo. Kinyago kilitangulia, jina likafuata.

Namna ya pili huitwa shetani. Ni viumbe vya ajabu, jicho moja hapa, sikio pale, mguu umegeuka mkono. Humo mna imani na hadithi za porini, za pepo wa majini na wa vichakani. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake wachongaji waliouza Dar es Salaam walichonga hasa binadamu kama tunavyowaona: mzee na mkongojo wake, mwanamke na mtungi wake. Samaki alithubutu kuacha umbo la kweli, na wengi wakamfuata.

Hesabu basi. Namna hizi mbili, zinazojulikana duniani kote kuwa ni "Wamakonde wa kale", ni changa kuliko wazee wengi wa vijiji vyetu.

MTU ALIYEKUWA NA UBAO NA RANGI YA BAISKELI

Njia ya mkonge ilimpitisha mtu mwingine pia. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakupata elimu kubwa. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha mwaka wa 1959 akafika Dar es Salaam, akapata kazi ya nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Mwaka wa 1968 hivi alianza kuchora picha.

Alichora kwa nini? Hakuwa na fedha za kununua rangi za wachoraji wala kitambaa chao. Alichukua ubao mwembamba wa kuzibia dari. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 ukiukata vizuri unakupa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, bila kutupa hata kidogo, na kweli picha nyingi za mwanzo ni za mraba wa kipimo hicho. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa milango na baiskeli.

Sasa tazama jinsi vifaa vilivyoiongoza picha. Rangi ya mafuta haikauki upesi, na ukipaka moja juu ya nyingine ingali mbichi zinachafuana. Basi fundi hupaka kwanza rangi moja ubao mzima na kuiacha ikauke. Juu yake huchora mnyama mmoja mkubwa, akaacha tena ikauke. Mwisho hutia madoa, mistari, majani na ndege. Ndiyo maana picha hizi zina rangi safi zilizotengana, na mnyama husimama mbele ya rangi tupu. Aliyezitazama juu juu alisema fundi hajui kuchora kivuli. Ukweli ni kwamba fundi aliijua rangi yake.

Mawazo aliyatoa kwenye wanyama wa porini kwao na kwenye hadithi, na vilevile aliwatazama wanunuzi wake. Picha ziliuzwa Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores, walikopita wageni wengi. Akawafundisha jamaa na majirani zake: January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah. Hawa walijifunza kwa kukaa kando yake, wakianza kwa kupaka rangi ya nyuma na kumalizia kwa kuchora wenyewe.

Mwaka wa 1972 Edward Tingatinga alipigwa risasi na polisi Dar es Salaam, wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea pamoja, na mwaka wa 1990 wakaandikisha chama cha ushirika chenye jina lake. Mpata alikuwa amekwenda Nairobi, na kazi yake ikapendwa sana Japani. Baadaye wachoraji wengi waliacha ubao wakachukua kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye mbao, kwa maana mgeni anayesafiri kwa ndege hupenda picha inayokunjika.

JINA LINAVYOPOTEA

Hapa pana jambo la kushangaza. Jina la Tingatinga limeenea duniani, lakini kwa kuenea huko limekoma kuwa jina la mtu. Wengi wanadhani ni jina la aina ya picha tu, na wengine husema ni jina la mashine ya kulimia. Aliyeianzisha sanaa amefunikwa na jina lake mwenyewe, na wanafunzi wake wamefunikwa pamoja naye.

Hasara yake ni nini? Ya kwanza ni ya mfukoni. Kazi isiyo na jina hununuliwa kwa kupimwa: kubwa bei hii, ndogo bei ile. Fundi aliyebuni jambo jipya hulipwa sawa na aliyemwiga kesho yake. Hasara ya pili ni ya udanganyifu. Pakiwa hapana jina, hapana wa kuulizwa. Wapo wanaochonga mti mwepesi, wakaupaka dawa ya viatu, wakauuza kwa jina la mpingo. Ukitaka kuujua, upime mkononi kwa uzito wake, kisha ukwaruze kidogo chini ya kitako; mpingo wa kweli ni mweusi mpaka ndani. Hasara ya tatu ni ya mti wenyewe. Mti wa miaka 70 unaotumika kuchongea vitu mia moja vilivyo sawasawa, vya bei ya chini, umetumika vibaya. Katika wilaya ya Kilwa vijiji vimepewa haki ya kutunza misitu yao na kuuza mpingo kwa mpango, na hilo ni jambo jema. Lakini msitu utahifadhika zaidi ikiwa kila gogo litalipwa kwa ubora na si kwa wingi.

Tulinganishe na wale ambao majina yao yalihifadhiwa. Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro, alisoma sanaa Makerere na London, na aliandika jina lake kwenye picha zake. Mwaka wa 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, na mpaka leo jina lake limeandikwa huko. Je, ni kwa sababu alisoma chuoni? Hapana, maana George Lilanga hakusoma chuo. Alizaliwa mwaka wa 1934 kusini, akajifunza kuchonga kwao, akaja Dar es Salaam, akaanza kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa. Wenye nyumba walipoiona kazi yake wakampa nafasi, akawahamisha mashetani wa mpingo akawatia katika rangi, wakicheka na kuimba. Alipofariki mwaka wa 2005 alikuwa akijulikana Ulaya, Marekani na Japani kwa jina lake, Lilanga, si kwa jina la kabila. Hakuna siri. Aliitia sahihi kazi yake, na watu wakaandika habari zake.

TUFANYE NINI?

Waliotutangulia wamesema: mcheza kwao hutunzwa. Na kumtunza fundi huanza kwa kumjua.

Ewe fundi, andika jina lako na mwaka chini ya kitako cha kinyago au nyuma ya picha. Haikugharimu kitu. Mfundishe na mwanafunzi wako aandike lake, si lako.

Ewe mnunuzi, uliza jina kabla hujauliza bei.

Na wewe msomaji usiyechonga wala kununua, hapo mtaani kwako yuko mfinyanzi, msusi wa mikeka au mchora mabango ya maduka. Nenda kwake na daftari. Mwulize alifundishwa na nani, mwaka gani, anatumia mali gani, na kitu gani alikibuni yeye mwenyewe. Yaandike aliyokuambia. Utakuwa umeandika historia, na wajukuu zetu watakapouliza, "Aliyefanya hiki ni nani?" watapata jibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mapiko yalichongwa kwa mti laini, na kwa nini vinyago vya kuuza vilichongwa kwa mpingo?

2. Eleza jinsi rangi ya mafuta ilivyoongoza namna ya picha za Tingatinga. Je, mwajua kazi nyingine ya mikono ambayo mali yake imeongoza umbo lake?

3. Kinyago cha ujamaa na siasa ya Ujamaa, kipi kilitangulia? Mnajifunza nini hapo?

4. Tajeni mafundi watano wa mahali penu kwa majina yao kamili. Kama hamfiki watano, nani kati yenu atakwenda kuuliza wiki hii?